Abiria Mmoja, Helmeti Moja: Safari ya Watoto Kwenda Shule kwa Bodaboda

Maandishi ya mada iliyotayarishwa kwa kikao cha wazazi, walimu na waendeshaji bodaboda wa Wadi ya Nyakoe, Kaunti ya Kisii



Mada ya leo inahusu jambo ambalo kila mkazi wa Nyakoe huliona kabla ya saa moja unusu asubuhi. Pikipiki inateremka mlima kwa njia ya murram. Mtoto wa chekechea ameketishwa juu ya tangi la petroli. Nyuma ya mwendeshaji wamebanana wengine wawili au watatu kama mishikaki, mikoba mgongoni, na wa mwisho hana pa kushika isipokuwa sweta ya mwenzake. Hakuna hata mmoja mwenye helmeti. Pikipiki hiyo inafika chini na kuingia barabara kuu ya A1, ile itokayo Isebania, ikapita Kisii na Oyugis hadi Ahero, ambako malori, mabasi na matatu ya kwenda Kisumu hayapunguzi mwendo kwa urahisi.

Watu wamezoea kuona hivyo. Mada hii inaeleza kwa nini zoea hilo linahatarisha maisha ya watoto, sheria inasema nini, na kila mmoja aliye hapa anaweza kufanya nini bila kusubiri fedha wala mradi mpya.

Bodaboda iligeukaje kuwa basi la shule

Neno bodaboda lilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipobeba watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Kwa miaka mingi ilibaki kuwa kazi ya baiskeli. Mambo yalibadilika karibu na mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo zenye injini ya chini ya 250 cc. Bei ikashuka, vijana wakanunua, na pikipiki zikafika mahali ambapo matatu haijawahi kufika.

Kisii ilizipokea haraka kwa sababu zinazoeleweka. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,266,000 katika kaunti hii, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja mraba. Ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye watu wengi zaidi nchini. Nyumba zimetapakaa milimani, njia ni nyembamba, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Katika mazingira hayo, pikipiki imepeleka wajawazito hospitalini, imebeba ndizi, majani chai na maziwa hadi sokoni, na imewapa maelfu ya vijana riziki ya halali. Hakuna mtu mwenye busara atakayesimama mbele ya wananchi wa Nyakoe na kusema bodaboda ziondolewe.

Mzazi anayempandisha mtoto pikipiki naye si mzembe. Mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi soko, au baba anayechuma chai tangu alfajiri, hawezi kumsindikiza mtoto wa miaka mitano hadi shuleni na kurudi kazini kwa wakati. Mvua ikinyesha, mtoto akienda kwa miguu atafika amelowa na ataketi darasani hivyo hadi saa sita. Njia nyingine zina mto, zina mbwa, zina vichaka ambavyo mzazi hapendi mtoto avipite peke yake. Mzazi anapomlipa kijana anayemjua ambebe mtoto, anajaribu kumlinda. Kinachohitaji kurekebishwa ni namna mtoto anavyobebwa.

Mtoto ana hatari zake juu ya pikipiki

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Hapa Kenya, zaidi ya watu 4,000 hupoteza maisha barabarani kila mwaka. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari: walikuwa wakienda kwa miguu, au walikuwa juu ya pikipiki.

Mwili wa mtoto haufanani na wa mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, na shingo yake haijakomaa. Anaporushwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia kugonga chini.

Mtoto aliyeketi juu ya tangi yumo katika nafasi mbaya kuliko zote. Mwendeshaji akifunga breki ghafla, uzito wote wa walio nyuma unamsukuma mtoto huyo kwenye usukani. Pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Isitoshe, anamzuia mwendeshaji kukata kona vizuri, na mara nyingine hushika usukani au kubonyeza honi bila kujua anachofanya.

Mtoto wa nyuma ana hatari nyingine. Kama miguu yake haifiki kwenye kikanyagio, inaning'inia karibu na gurudumu. Mguu ukiingia kwenye spoku, gurudumu haliulizi. Ngozi, nyama na hata mifupa ya kifundo huumia, na jeraha la namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Skafu, leso, kamba ya mkoba au sketi ndefu ikinaswa na mnyororo, mtoto anavutwa chini pikipiki ikiwa bado inatembea.

Kuna pia ekzozi. Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda zina bomba la moshi upande wa kulia, na bomba hilo huwa la moto sana hata baada ya injini kuzimwa. Kwa hiyo mtoto afundishwe kupanda na kushuka upande wa kushoto, pikipiki ikiwa imesimama kabisa na mwendeshaji akiwa ameikanyaga chini kwa miguu yote miwili. Ni somo la dakika mbili, nalo linazuia majeraha mengi ya moto kwenye ndama ya mguu.

Helmeti: itoshe, ifungwe, iwe ya mtoto

Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa kimataifa uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu helmeti za pikipiki. Ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna dawa katika duka lolote la Nyakoe inayoweza kufanya hivyo baada ya ajali kutokea.

Lakini helmeti ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto si kinga ya kutosha. Inacheza, inamfunika macho, na wakati wa ajali inachomoka kabla kichwa hakijafika chini. Mzazi anaweza kupima mwenyewe. Helmeti ikishavaliwa, ukingo wake wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili. Mkanda upite chini ya kidevu na kubaki nafasi isiyozidi vidole viwili. Mtoto atikise kichwa kulia na kushoto. Helmeti ikizunguka peke yake huku kichwa kimetulia, ni kubwa. Helmeti isiyofungwa mkanda ni sawa na kutovaa.

Wazazi wengi husema hawapendi mtoto avae helmeti ya steji kwa sababu imevaliwa na watu wengi, na wanaogopa mashilingi ya kichwa na jasho la wengine. Malalamiko hayo ni ya haki. Jibu lake ni mtoto awe na helmeti yake mwenyewe, inayolala nyumbani na kuachwa ofisini kwa mwalimu au kwa mwendeshaji wakati wa masomo. Mzazi anunue iliyo na alama ya ubora ya KEBS. Ile kofia nyepesi ya plastiki inayovaliwa kwenye mjengo haifai, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Na helmeti iliyowahi kupigwa kwa nguvu katika ajali itupwe hata kama haionekani kupasuka, kwa sababu tabaka lake la ndani hupokea kishindo mara moja tu.

Ni kweli helmeti hugharimu fedha. Basi ihesabiwe pamoja na sare, viatu na vitabu pale mzazi anapopanga matumizi ya muhula. Vietnam, nchi yenye pikipiki nyingi kuliko nchi nyingi duniani, ilianza kutekeleza sheria ya helmeti kwa kila aliye juu ya pikipiki tarehe 15 Desemba 2007. Kabla ya hapo watu wengi mijini hawakuvaa. Baada ya muda mfupi karibu kila mtu mzima alikuwa nayo. Watoto ndio waliobaki nyuma.

Sheria inasema nini

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu pikipiki ya magurudumu mawili kubeba mtu mmoja tu zaidi ya mwendeshaji. Mtu huyo anatakiwa kuketi nyuma ya mwendeshaji, kwenye kiti kilichofungwa imara, mguu mmoja kila upande. Kwa maneno mengine, kumkalisha mtoto juu ya tangi ni kosa. Kuketi upande ni kosa. Kubeba watoto watatu ni kosa. Sheria haisemi kwamba mtoto mdogo ni nusu mtu.

Marekebisho ya mwaka 2012 yaliongeza kwamba mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana wa Gredi ya 9 anayetumwa na baba yake kuwapeleka wadogo zake shule kwa pikipiki ya nyumbani hana leseni, na hata bima inaweza kukataa kulipa yakitokea maafa.

Kuhusu bima, kila mzazi aliyepatana na mwendeshaji kumbebea mtoto ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya siku ya kwanza: leseni iko wapi, bima inaisha lini, na je, bima hiyo ni ya kubeba abiria au ni ya matumizi binafsi tu? Mwendeshaji makini hatakasirika. Atatoa karatasi zake au kuonyesha kwenye simu. Anayekasirika amejibu swali.

Hesabu ya watoto watatu

Hapa ndipo mazungumzo mengi ya usalama hukwama, kwa hiyo ni vyema yasemwe wazi. Watoto hubebwa watatu kwa sababu ya pesa. Tuseme nauli ni shilingi 30 kwa mtoto. Kwa safari moja ya watoto watatu mwendeshaji anapata shilingi 90. Akiwabeba mmoja mmoja, anakwenda mara tatu, anachoma petroli mara tatu, na anapoteza abiria wa asubuhi ambao ndio wengi. Atataka alipwe zaidi. Mzazi hana zaidi. Mwisho wa yote, mwendeshaji na mzazi wanakubaliana bila kusema neno, na anayebeba hatari ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa upya. Nyumba yenye watoto watatu wa shule si lazima ilipie viti vitatu. Mtoto wa Gredi ya 5 au ya 6 anayekaa kilomita moja kutoka shuleni anaweza kutembea, iwapo hatembei peke yake. Pesa ya nauli yake iongezwe kwa yule mdogo wa PP1, ambaye atabebwa peke yake, nyuma, akiwa na helmeti, iwapo miguu yake inafika kwenye kikanyagio na mikono yake inaweza kumshika mwendeshaji kiunoni. Mtoto ambaye miguu yake haifiki bado hajafikia umri wa pikipiki. Huyo asindikizwe kwa miguu, au apelekwe kituo cha chekechea kilicho karibu zaidi na nyumbani.

Kuna njia ambayo haigharimu shilingi hata moja. Nyumba tano za mtaa mmoja zikiungana, kila nyumba inatoa mtu mzima mmoja kwa siku moja ya wiki. Jumatatu anatoka nyumba ya kwanza, Jumanne ya pili, hadi Ijumaa. Mtu huyo anapita nyumba kwa nyumba, anawakusanya watoto, anatembea nao hadi lango la shule, na kuwavusha barabara kuu. Bibi au babu mwenye nguvu anaweza kufanya kazi hiyo. Kila mzazi anapoteza asubuhi moja badala ya tano, na watoto wanatembea kumi au kumi na tano kwa pamoja, kundi ambalo dereva analiona kwa mbali.

Makubaliano na mwendeshaji

Kwa mtoto ambaye lazima abebwe, mkataba wa mwezi ni bora kuliko kusimamisha pikipiki yoyote inayopita. Mwendeshaji awe mmoja, anayejulikana kwa jina, kwa steji na kwa mwenyekiti wa steji yake. Mzazi aandike namba ya usajili ya pikipiki na kumpa mwalimu wa darasa. Mwalimu naye asimwachie mtoto mwendeshaji mwingine bila mzazi kupiga simu.

Wakubaliane mambo machache: abiria mmoja kwa safari, helmeti, taa iwashwe hata mchana, mtoto ashushwe upande wa lango la shule ili asivuke barabara peke yake, mvua kubwa ikinyesha wangoje ipungue. Mwalimu mkuu anaweza kusaidia sana kwa kutangaza kwamba mtoto aliyechelewa kwa sababu ya mvua hataadhibiwa. Haraka nyingi za asubuhi zinatokana na hofu ya kuchelewa, nayo hofu hiyo humfanya mtoto mwenyewe amwambie mwendeshaji aongeze mwendo.

Mwendo ni jambo la kuhesabiwa. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inasafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mwendeshaji akiona ng'ombe au mtoto mbele yake, sekunde moja hivi inapita kabla mkono haujafika kwenye breki. Mita 14 zimekwisha na breki bado haijaguswa. Kwa kilomita 30 kwa saa, ni mita nane tu. Karibu na shule, karibu na soko, na kwenye njia ya murram iliyolowa, tofauti hiyo ya mita sita ndiyo inayoamua kama kutakuwa na pole au kutakuwa na mazishi.

Usalama wa wasichana

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulinong'ona na lazima lisemwe hadharani. Wasichana wa shule hupewa lifti za bure. Leo bure, kesho bure, na baada ya wiki chache anayetoa lifti anadai malipo ya aina nyingine. Wengi wa waendeshaji ni watu wa heshima, wana dada na mabinti wao wenyewe, na ndio wanaoumizwa jina na wachache.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iko wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kufanya naye ngono ni uhalifu. Hakuna mazungumzo ya wazee wala fidia ya ng'ombe inayofuta kosa hilo. Mzazi anayelipa nauli kwa wakati, na asiyeacha deni la mwezi mzima, tayari amefunga mlango mmoja wa hatari, kwa sababu deni la mzazi linaweza kudaiwa kwa mtoto. Steji nazo zina uwezo mkubwa. Mwenyekiti anayejua kwamba mwanachama wake anawasumbua wasichana na akanyamaza, amekubali. Yeyote mwenye wasiwasi, awe mtoto au mtu mzima, anaweza kupiga simu ya watoto ya 116 bila malipo, au kwenda kwa chifu au kituo cha polisi.

Barabara yenyewe na nani wa kuulizwa

Hata mzazi na mwendeshaji wakifanya yote, mtoto bado atavuka barabara. Mfano mzuri uko jirani. Mjini Dar es Salaam, shirika la Amend lilichagua shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakiumia sana barabarani. Halikuleta mitambo mikubwa. Lilijenga njia za waendao kwa miguu, matuta, vivukio vya pundamilia, vigingi vya kuzuia magari na alama, na pengine lilihamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi hadi upande uliotulia. Pamoja na hayo, watoto walifundishwa kuvuka. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine uliona majeruhi wakipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Tuta na njia ya miguu vilishinda miradi ya mabilioni.

Wananchi wa Nyakoe wanaweza kudai mambo kama hayo, lakini ni muhimu kujua mlango wa kubisha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Barabara kuu za kitaifa kama A1 ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia KeNHA. Matuta, vivukio na alama katika soko la Nyakoe kwenye barabara hiyo huombwa huko, kwa barua ya shule au ya kamati ya soko, ikionyesha mahali hasa watoto wanapovuka na saa wanazovuka. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na steji, pamoja na elimu ya chekechea, ni kazi ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa.

Kwa yale ya kaunti, maombi yanayosemwa matangani hayaingii kwenye bajeti. Kuna tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Wazazi wakifika pale wakiwa na orodha fupi, kwa mfano njia ya miguu ya mita 400 kutoka njia panda fulani hadi lango la shule fulani, na taa mbili mahali penye giza, ombi lao lina uzito kuliko kilio cha jumla kwamba barabara ni mbaya. Mwakilishi wadi apewe nakala, na kumbukumbu za kikao zihifadhiwe.

Ajali ikitokea

Mtoto akianguka, watu husongamana na haraka yao huweza kumwongezea jeraha. Mtu mmoja asimamishe magari. Mwingine apige 999 au 112. Mtoto anayelalamikia shingo au mgongo, au aliyezimia, asiinuliwe kwa mikono na asiwekwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Alazwe alipo, kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka, mpaka lipatikane gari ambalo anaweza kulala bapa. Helmeti isivuliwe kwa nguvu, isipokuwa pale ambapo hawezi kupumua. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia.

Mtoto aliyegonga kichwa anaweza kuamka, akacheka na kuomba chai. Bado aangaliwe kwa saa 24. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akilalamikia kichwa kinachozidi kuuma, akichanganyikiwa, akitetemeka kwa degedege, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya jingine, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa kuungua na ekzozi, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga na udongo visipakwe. Hufungia joto ndani na kuleta uchafu.

La kufanya kuanzia kesho

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Nyakoe unajulikana na unaweza kuzibwa kwa hatua nne. Wazazi watoe watoto kwenye tangi, kuanzia kesho asubuhi, kwa sababu hilo halihitaji pesa. Steji zipitishe kanuni kwamba mwanachama anayembeba mtoto wa shule hubeba mmoja tu, na mwenyekiti asimamie. Shule zifungue daftari la waendeshaji waliokubaliwa na wazazi, na zikubali kutunza helmeti. Mitaa iunde makundi ya kutembea, nyumba tano kwa tano.

Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ibara hiyo haikuwataja mahakimu na mawaziri peke yao. Inamhusu pia mama anayemwita mwendeshaji langoni, na mwendeshaji anayesema, "Huyu wa pili nitamrudia, asubiri dakika kumi."

Nafasi sasa ni ya maswali na maoni, na wenyeviti wa steji waanze.